Kabati Lipimwe kwa Sufuria, Si kwa Picha

Nenda Goba, Madale au Kigamboni, jijini Dar es Salaam, kwenye nyumba iliyohamiwa mwaka huu, uingie jikoni. Milango ya makabati inang'aa, nyeupe juu na kijivu chini, vipini rangi ya dhahabu. Kisha tazama sakafuni. Ndoo ya unga imesimama pembeni ya friji. Mtungi wa gesi uko njiani kwa sababu nafasi uliyotengewa ndani ya kabati ni fupi kwa inchi mbili. Sufuria la pilau la wageni limewekwa juu ya makabati, karibu na dari, limefunikwa kanga, na mbuzi ya nazi inajificha nyuma ya mlango. Fungua makabati yenyewe: glasi sita, majani ya chai, vikombe vya zawadi ya harusi, na rafu mbili za hewa tupu.

Hapo kuna fedha nyingi iliyotumika bila kununua nafasi. Ninachoshikilia katika makala haya ni kwamba kabati la kutengenezesha lina faida moja tu juu ya kabati la dukani, nayo ni kipimo. Ukimwita fundi, ukampa picha ya simu na kumwambia "nitengenezee kama hii", umelipia kazi ya vipimo halafu umeitupa. Picha ile ni ya jiko la watu wanaonunua unga kilo moja na mkate uliokatwa tayari. Hawana ndugu anayeshuka kwenye basi la Kyela na nusu gunia la mchele.

Inafaa kukumbuka makabati haya ya kujengea yalianzaje. Mwaka 1926 msanifu majengo kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi zilizokuwa zikijengwa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na ukubwa wa takribani mita 1.9 kwa mita 3.4, na yalijengwa kama 10,000 ya namna hiyo. Lilibuniwa kwa kuhesabu hatua na dakika za mtu anayepika: anasimama wapi anapomenya, mkono unafika wapi, maji yanatiririka kuelekea upande gani. Mchele na sukari vilikaa kwenye droo za aluminiamu zenye mdomo wa kumiminia. Unga ulipewa droo za mti wa mwaloni, kwa kuwa mti huo huwafukuza wadudu wa unga. Yaani kabla ya kuchagua rangi, waliuliza unga unaharibiwa na nini.

Mkuu wa mpango mzima wa nyumba hizo alikuwa Ernst May. Mwaka 1934 alihamia Tanganyika akawa mkulima, baadaye akafanya usanifu akiwa Nairobi, akachora mpango wa upanuzi wa Kampala katika miaka ya 1940 na hoteli ya Oceanic kule Mombasa. Aliishi Afrika Mashariki karibu miaka 20. Lakini kilichoenea majikoni mwetu kutokana na fikra za Frankfurt ni sura: makabati ya juu, makabati ya chini, sinki dirishani. Kupima kwenyewe tumekuacha. Na hata sura hiyo ilikuwa na dhana ndani yake ambayo hapa haikai: jiko lilipimwa kwa mwanamke mmoja anayepika peke yake. Jikoni kwetu siku ya Idi au ya hitima wapo watano, mmoja anachambua mchele, mwingine anakuna nazi, shangazi anaonja chumvi na kutoa amri. Njia ya sentimita 90 kati ya kaunta mbili, inayopendeza sana kwenye mchoro, siku hiyo ni ugomvi. Mita 1.2 ndiyo ningeanzia, hata kama italazimu kufuta upande mmoja wa makabati.

Sasa tupime tulivyo navyo. Kabla fundi hajafika, toa vyombo vyote vikubwa uvipange sakafuni: sufuria kubwa kuliko zote pamoja na mfuniko wake, ndoo ya lita 20, chupa za chai, hotipoti, kinu, mbuzi, ubao wa chapati, sinia za kulia wageni. Chukua futi, andika urefu na upana wa kila kimoja. Kazi hii haichukui hata saa nzima, na karatasi hiyo ina thamani kuliko mchoro wowote wa rangi utakaoonyeshwa kwenye kompyuta. Sufuria lenye kipenyo cha sentimita 50 haliingii kwenye kabati la juu, ambalo kwa kawaida lina kina cha sentimita 30 hadi 35. Linataka chini, na linataka mlango mpana usio na nguzo katikati. Mafundi wengi huweka nguzo hiyo kwa mazoea tu.

Kabati la chini lenye kina cha sentimita 60, mlango mbele na rafu moja katikati, ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Kinachoingia nyuma hakionekani tena mpaka siku ya kuhama. Droo za kina kirefu zingetoa kila kitu mbele, lakini hazipendwi, na sababu yake ni ya kibiashara. Mafundi wengi hukadiria kazi kwa mita ya urefu wa kabati. Mita ni mita, iwe na mlango au droo tatu. Droo inahitaji reli, mbao zaidi na nusu siku ya kurekebisha, mlango unahitaji bawaba mbili. Kwa bei ya mita, fundi mwenye akili timamu atakupa milango. Ukitaka droo, omba makadirio yake kando, kwa droo moja moja, na ulipe. Reli za chuma zenye gololi, zile pana, hubeba kilo 35 hadi 45 zikifungwa vizuri. Hiyo inatosha kwa sufuria zako zote, na inatosha pia kwa kiroba cha unga cha kilo 25.

Kuhusu rafu, kuna hesabu moja ambayo kila mwenye nyumba angeijua asingeona tena makabati yaliyopinda tumbo. Rafu ikiongezwa urefu mara mbili huku mzigo ukibaki uleule, hupinda takribani mara nane. Ndiyo maana ubao wa milimita 18 unaokaa umenyooka kabisa kwenye urefu wa sentimita 50 huanza kulegea ukiwa na mita moja, hasa ukiwa wa MDF (nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) au chipubodi. Kwa mchele, maharage, sahani za udongo na vitu vizito vya aina hiyo, usiruhusu rafu izidi sentimita 60 bila kiegemeo. Kwa vikombe, fanya unavyotaka.

Kimo cha kaunta nacho kinanakiliwa bila kufikiri. Sentimita 90 ni kipimo kizuri cha kukatia mboga na kuoshea vyombo. Ila anayekanda unga na kusukuma chapati anahitaji kuusukuma mwili kutoka juu, na kwa mwanamke wa kimo cha kawaida hilo hutokea kwenye sentimita 80 hadi 85. Sehemu ya mita moja iliyoshushwa hivyo, karibu na dirisha, haiongezi gharama yoyote ikiamuliwa kabla ya kukata mbao. Chini ya kaunta acha pia pengo la kuingiza vidole vya miguu, sentimita 10 kwenda juu na kama saba kuingia ndani. Pasipo pengo hilo unasimama mbali na kaunta na kuinama, na mgongo unaanza kuuma kabla wali haujakauka.

Kisha kuna mtungi. Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mitungi itazidi kuingia majikoni. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi kutoka dirishani, inatulia chini na kujaa mahali palipofungwa. Kabati lililozibwa pande zote, lenye mtungi ndani na soketi ya umeme karibu, ni hatari iliyopakwa rangi. Kama nyumba inajengwa sasa, weka mtungi nje ya ukuta kwenye kizimba chenye kivuli na kufuli, upitishe mpira wa gesi wenye viwango kwenye tundu la ukutani. Kama lazima ukae ndani, kabati lake liwe na matundu ya hewa chini kabisa, yanayotoka nje ya nyumba, na mlango ambao mtoto wa miaka minne hawezi kuufungua. Na kipimo chake kichukuliwe kwa mtungi halisi wa kilo 15 ukiwa umefungwa regulata. Inchi mbili zile zinazokosekana kila mara ni za regulata.

Nafika kwenye jambo ambalo wauza makabati hawapendi kulisikia. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina majiko mawili. Lipo la ndani, la wageni kuona na la kuchemshia chai. Na lipo la nyuma, chini ya bati, karibu na tangi la maji, ambako maharage yanachemka kwenye mkaa na samaki wanakaangwa. La ndani limewekewa granaiti. La nyuma lina meza iliyovunjika mguu na misumari ya kutundikia miiko. Wewe mwenyewe unajua chakula kinapikwa wapi. Ningekuwa na fedha ya mita sita za makabati, ningeweka nne ndani na mbili nje. Huko nje ningejenga kaunta ya zege yenye vigae, rafu mbili chini yake, sinki lenye kina cha kutosha kuoshea sufuria kubwa, na sanduku la mkaa lililoinuliwa lisilowe mvua. Sijaona hata kampuni moja inayotangaza kazi ya namna hiyo. Haipigiki picha nzuri.

Zege lenyewe linastahili heshima zaidi. Mafundi wetu wa zamani walikuwa wanamimina slabu ya kaunta juu ya kuta fupi za matofali, wanapanga rafu za zege chini yake, na seremala anakuja mwisho kufunga milango tu. Watu sasa wanauona mtindo huo ni wa kishamba. Mimi nauona ni jibu sahihi kwa pwani. Mchwa hali zege. Bomba la sinki likivuja usiku kucha, asubuhi unapiga deki, basi. MDF iliyolowa kwenye kingo huvimba, na ikishavimba hairudi tena. Miaka kumi ikipita na rangi ya milango ikakuchosha, unabadilisha milango, boksi linabaki. Hasara yake ni kwamba zege halina droo na halisamehe kosa la kipimo, kwa hiyo linafaa eneo la sinki na la ndoo, na mbao zifanye kazi kwingine.

Kwenye mbao, anza na boksi, mlango baadaye. Mteja hupapasa mlango, fundi mjanja anaweka akiba yake kwenye boksi: mgongo wa ubao mwembamba wa milimita tatu, kingo zisizofunikwa utepe, misumari badala ya skrubu. Karibu na maji tumia plaiwudi inayostahimili unyevu, ile inayouzwa kwa jina la marini. Milango na makabati ya juu yanaweza kuwa MDF, ilimradi kingo zote zimezibwa, hata zile zisizoonekana. Inua boksi zima kutoka sakafuni kwa miguu ya plastiki au kwa msingi mdogo wa zege, maana sakafu zetu zinaoshwa kwa maji mengi. Bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya hewa ya Mbweni au Nyali haichagui kabati la bei gani.

Mninga? Ukiupata uliokauka sawasawa, na fedha ipo, sitakuzuia. Husinyaa kidogo sana ukilinganishwa na mbao nyingine, ndiyo sababu milango yake haijipindi. Mkongo na mvule nayo huvumilia wadudu. Lakini mbao ngumu mbichi kutoka msituni ni mbaya kuliko paini ya Sao Hill iliyokaushwa vizuri, na pale Keko seremala mkweli atakwambia hivyo mwenyewe ukimpa nafasi. Kutengeneza boksi la ndani kwa mninga, mahali ambapo hakuna atakayepaona, ni ufahari usio na mtazamaji.

Vyumbani nitapita haraka. Kabati la nguo lifike darini: pengo la juu hukusanya vumbi na masanduku. Kina kiwe sentimita 60, vinginevyo henga zitakaa upande. Sehemu ya kutundikia kanzu, buibui na magauni iwe na kimo cha sentimita 160, wala isikatwe na rafu katikati. Kanga na vitenge hukunjwa, na anayezipenda anazo nyingi, kwa hiyo rafu zenye nafasi ya sentimita 25 zitamfaa kuliko nafasi ya 40 ambayo rundo lake litaporomoka. Kitu kinachosahaulika zaidi ni magodoro ya wageni. Msiba ukitokea, watu wanane watalala sebuleni. Nafasi moja ya kusimamishia magodoro mawili matatu, nyuma ya mlango mpana koridoni, itamletea mwenye nyumba shukrani nyingi kuliko meza ya vipodozi yenye taa.

Wala tusidhani kujengea hifadhi ukutani ni jambo la Wazungu. Nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 zilikuwa na zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu kwenye ukuta wa chokaa iliyonakshiwa. Humo viliwekwa vyombo vya kauri kutoka China na vitu vya thamani vya nyumba. Vyumba vile vilikuwa vyembamba, chini ya mita tatu, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti haziwezi kuvuka zaidi ya hapo. Kabati la miguu lingekula chumba, kwa hiyo hifadhi ikaingizwa ndani ya unene wa ukuta. Kuta zetu za tofali za inchi sita haziruhusu kina kile, ila unene huo unatosha kishubaka cha viungo karibu na jiko au cha sabuni bafuni, endapo mwashi ataambiwa mapema na ukuta si wa kubeba mzigo.

Na thamani ya nyumba? Hapa watu hudanganywa mno. Ripoti ya Cost vs. Value ya Marekani, inayolinganisha gharama za ukarabati na kiasi kinachorudi nyumba ikiuzwa, ilionyesha mwaka 2024 kwamba ukarabati mdogo wa jiko ulirudisha takribani asilimia 96 ya gharama, na ule wa kifahari takribani asilimia 38. Soko lao si letu, wao wana kumbukumbu za mauzo na mikopo ya nyumba kwa wingi. Mwelekeo wenyewe lakini unaonekana hata hapa: mnunuzi hulipia jiko linalofanya kazi, halipii ladha yako. Makabati ya rangi ya zambarau yaliyogharimu bei ya kiwanja cha Chanika, mnunuzi anahesabu gharama ya kuyang'oa.

Faida iliyo wazi zaidi ni kasi. Nyumba yenye makabati ya nguo kila chumba na jiko lililokamilika hupata mpangaji mapema, na dalali ataitaja sifa hiyo kabla ya kutaja maji. Kwa mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwezi mmoja wa nyumba kukaa tupu unauma kuliko bei ya droo. Mwenye nyumba wa kupangisha ndiye hasa wa kufuata mtindo wa boksi la zege na milango ya bei nafuu, kwa vipimo vinavyofanana nyumba zote, ili mlango ukivunjika Sinza aletewe wa akiba kutoka Tabata.

Mpangaji mwenyewe ajihadhari. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inahesabu majengo na vitu vilivyofungwa kwa kudumu kuwa sehemu ya ardhi. Kabati ulilolipigilia kwenye ukuta wa mtu, ukihama, madai yako juu yake ni dhaifu, hata kama risiti za mbao unazo. Kwenye nyumba ya kupanga tengeneza vipande vinavyosimama vyenyewe, kila kimoja kikiweza kupita mlangoni na kuingia kwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, au muandikiane na mwenye nyumba kwamba gharama itakatwa kwenye kodi. Anayenunua nyumba naye aorodheshe kwenye mkataba wa mauziano kila kabati linalobaki, pamoja na jiko la kujengea na kaunta. Wapo wauzaji waliong'oa hata milango usiku wa kuamkia kukabidhi funguo, wakaacha maboksi na matundu ya skrubu.